Hesabu ya Watu wa Kibera: Somo la Namba Kubwa

Tarehe 31 Agosti 2010 Serikali ya Kenya ilitangaza matokeo ya hesabu ya watu iliyofanywa mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2009. Nchi nzima ilionekana kuwa na watu 38,610,097. Lakini katika matokeo hayo ilikuwamo namba nyingine, ndogo zaidi, ambayo ilizungumzwa sana ndani ya nchi na nje yake. Kibera, mtaa ulio upande wa kusini-magharibi wa jiji la Nairobi, ulihesabiwa kuwa na watu 170,070.

Kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo ilikuwa desturi kusema ya kwamba Kibera ina watu laki tano, au milioni moja, na wako waliotaja zaidi ya hapo. Maneno hayo yaliandikwa katika taarifa, yakasomwa katika hotuba, yakarudiwa na magazeti ya mbali. Basi mtu wa Soweto West, au Kianda, au Gatwekera, au Lindi, alikuwa na haki ya kuuliza: Je, mimi na jirani zangu tu wangapi? Na kama namba mbili zatofautiana namna hii, nitajuaje ipi ya kuaminiwa?

Somo letu la leo lataka kumsaidia mtu huyo. Tutaichukua namba 170,070 na kuichunguza, kwanza kama namba tu, kisha kama hesabu ya watu wenye nyumba na majina. Msomaji hatahitaji elimu kubwa. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ataweza kufuata kila hatua, nasi twamshauri awe na kalamu na karatasi karibu yake.

KUISOMA NAMBA

Namba kubwa husomwa kwa nafasi za tarakimu zake. Katika 170,070 tukianza kulia twakuta mamoja 0, makumi 7, mamia 0, maelfu 0, makumi ya maelfu 7, na laki 1. Husomwa hivi: laki moja, elfu sabini, na sabini.

Tazama ya kuwa tarakimu 7 imeandikwa mara mbili, lakini kazi yake si moja. Saba ya kulia ni watu 70, ambao waweza kukaa katika darasa moja lililojaa. Saba ya kushoto ni watu 70,000, yaani mji mzima. Tarakimu ni ile ile, bali nafasi yake imeizidisha mara elfu.

Sifuri nazo si pambo. Kazi yake ni kulinda nafasi. Karani akiacha sifuri moja kwa haraka na kuandika 17,070, amewafuta watu 153,000 kwa kosa la kalamu. Ndiyo maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata iliyo katika daftari hupotea, ikiwa daftari haikuandikwa kwa uangalifu.

VIGAWANYO VYA NAMBA

Kigawanyo cha namba ni namba nyingine iwezayo kuigawanya pasipo baki. Je, 170,070 ina vigawanyo gani?

Kwa kuwa yaishia kwa 0, ni namba shufwa, yaani hugawanyika kwa 2. Tena, kila namba iishiayo kwa 0 au 5 hugawanyika kwa 5. Haya ni mepesi, na wengi wayajua tangu shule ya msingi.

Sasa tujaribu 3 na 9. Kanuni ni hii: jumlisha tarakimu zote za namba. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba yenyewe hugawanyika kwa 3. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba hugawanyika kwa 9. Hapa twapata 1+7+0+0+7+0, yaani 15. Kumi na tano hugawanyika kwa 3, lakini si kwa 9. Basi 170,070 hugawanyika kwa 3, nayo kwa 9 haigawanyiki.

Yafaa msomaji ajue sababu ya kanuni, maana kanuni isiyojulikana sababu yake husahauliwa upesi. Chukua shilingi 10 uwagawie watu 9 sawasawa. Kila mmoja atapata 1, na itabaki 1. Chukua shilingi 100: kila mmoja atapata 11, na itabaki 1. Chukua 1,000: kila mmoja atapata 111, na itabaki 1. Ndivyo ilivyo kwa elfu kumi na kwa laki. Kila mara hubaki 1. Basi laki moja huacha 1. Makumi saba ya maelfu huacha 7. Makumi saba huacha 7. Ukizikusanya baki hizo utapata 15, nayo ndiyo jumla ya tarakimu. Hiyo 15 wakigawiwa tena watu 9, hubaki 6. Na kweli, 9 mara 18,896 ni 170,064, na baki ni 6.

Tumepata basi vigawanyo 2, 3 na 5. Ukizizidisha hizo wapata 30, na 170,070 ikigawanywa kwa 30 ni 5,669 kamili. Kwa maneno mengine, watu hao wangeweza kupangwa katika vikundi 5,669 vya watu 30, na asibaki hata mmoja nje. Lakini wakipangwa saba saba, vingetoka vikundi 24,295 na watu 5 wangebaki bila kikundi.

NAMBA TASA

Tumefika kwa 5,669. Je, nayo yaweza kuvunjwa? Namba isiyogawanyika kwa namba yo yote ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Mfano wake ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba hizi zimechunguzwa tangu zamani, na Afrika ina sehemu yake katika kazi hiyo. Kiasi cha miaka 2,300 iliyopita, katika mji wa Iskanderia nchini Misri, Euclid alionyesha kwa hoja thabiti ya kuwa namba tasa hazina mwisho. Baada yake alikuja Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika nchi iitwayo leo Libya, aliyekuwa msimamizi wa maktaba kuu ya Iskanderia. Njia ya kuzipata namba tasa yaitwa kwa jina lake: huandikwa namba zote kwa safu, kisha hufutwa zinazogawanyika kwa 2, kisha kwa 3, kisha kwa 5, na kuendelea, kama mtu achekechaye unga, zile zisizofutwa ndizo tasa.

Kuijaribu 5,669 hatuna haja ya kugawanya kwa namba zote. Ikiwa namba ni mazao ya namba mbili, hapana budi moja ya hizo mbili iwe ndogo au zilingane. Basi 75 mara 75 ni 5,625, na 76 mara 76 ni 5,776, ambayo imekwisha ipita namba yetu. Kwa hiyo, kama 5,669 ina vigawanyo, mmoja wao hauzidi 75. Namba tasa zisizozidi 75 ni 21 tu. Kati ya hizo, 2, 3 na 5 zakataliwa mara moja: namba yaishia kwa 9, na jumla ya tarakimu zake ni 26. Zimebaki 18 za kujaribu. Kwa 7 hubaki 6. Kwa 11 hubaki 4. Kwa 13 hubaki 1. Kwa 17 hubaki 8. Kwa 19 hubaki 7. Msomaji mwenye subira aendelee mwenyewe hadi 73, ambayo huacha baki ya 48. Hakuna hata moja iigawayo sawasawa. Basi 5,669 ni namba tasa.

Sasa twaweza kuiandika namba yetu yote kwa namba tasa zake: 170,070 ni 2 × 3 × 5 × 5,669. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 huvunjika kwa namba tasa kwa njia moja tu, wala hakuna mtu, awe na cheo gani, awezaye kuibadili. Kutokana na mvunjo huo twajua ya kuwa 170,070 ina vigawanyo 16, na ya kwamba kati ya 30 na 5,669 hakuna kigawanyo hata kimoja. Hayo ni kweli leo Nairobi, na yalikuwa kweli Iskanderia kabla ya kuwako Nairobi.

KUPIMA KWA TISA

Mpaka hapa tumeitazama namba peke yake. Lakini namba za watu haziji peke yake; huja kwa orodha na jumla, na hapo ndipo makosa huingia. Hesabu ya watu iliyofuata ilifanywa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Nairobi ilipata watu 4,397,073, nao waligawanywa katika kaunti ndogo 11. Tumeziandika hapa chini. Baada ya kila namba tumeweka baki yake ikigawanywa kwa 9, iliyopatikana kwa kujumlisha tarakimu kama tulivyoonyesha.

Dagoretti, ambamo ndimo Kawangware: 434,208, baki 3
Embakasi: 988,808, baki 5
Kamukunji: 268,276, baki 4
Kasarani: 780,656, baki 5
Kibra: 185,777, baki 8
Lang'ata: 197,489, baki 2
Makadara: 189,536, baki 5
Mathare: 206,564, baki 5
Njiru: 626,482, baki 1
Starehe: 210,423, baki 3
Westlands: 308,854, baki 1

Jumlisha baki hizo: utapata 42. Nayo 4+2 ni 6. Sasa jumlisha tarakimu za jumla kuu, 4,397,073: utapata 33, na 3+3 ni 6. Baki za pande mbili zimelingana, kwa hiyo jumla imepita mtihani. Zingetofautiana, tungejua bila shaka ya kuwa pana kosa, ama katika orodha, ama katika jumla. Wanahesabu wa Bara Hindi na wa nchi za Kiarabu waliitumia njia hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla ya kuwako mashine za kuhesabia.

Katika orodha hiyo imo namba ya Kibra, 185,777. Hii ni namba witiri, maana yaishia kwa 7, na haigawanyiki kwa 3 wala kwa 5. Kwa macho yaonekana kama namba tasa. Lakini ivunje vipande viwili: 185,000 na 777. Cha kwanza ni 37 mara 5,000. Cha pili ni 37 mara 21. Basi yote ni 37 mara 5,021, na 5,021 ni tasa. Hapa twajifunza ya kwamba sura ya namba yaweza kudanganya, ila jaribio halidanganyi.

Msomaji mwepesi ataitoa 170,070 katika 185,777 na kusema kwamba Kibera imeongezeka kwa watu 15,707 katika miaka kumi. Asifanye haraka. Namba ya kwanza ni ya mtaa wa Kibera ulivyohesabiwa mwaka 2009. Ya pili ni ya kaunti ndogo ya Kibra ya mwaka 2019. Kabla ya kutoa namba moja katika nyingine ni lazima kwanza kuuliza kama mipaka ni ile ile.

KUPIMA KWA KUMI NA MOJA

Kipimo cha tisa kina udhaifu mmoja. Tuseme karani alipokuwa akinakili aliandika 158,777 badala ya 185,777. Amezibadilishana tarakimu mbili tu, 8 na 5. Jumla ya tarakimu bado ni 35, kwa hiyo kipimo cha tisa hakioni kosa. Na hali watu 27,000 wametoweka katika karatasi.

Kwa kosa la namna hiyo hutumika kipimo cha 11. Anza na tarakimu ya kulia. Ya kwanza jumlisha, ya pili toa, ya tatu jumlisha, ya nne toa, na kuendelea. Kwa 185,777 utapata 7−7+7−5+8−1, yaani 9. Kwa 158,777 utapata 7−7+7−8+5−1, yaani 3. Majibu hayakulingana, na kosa limekamatwa. Sababu yake ni kwamba 10 yapungua 1 kufika 11, na 100 yazidi 1 juu ya 99, ambayo ni 11 mara 9; na 1,000 yapungua 1 kufika 1,001, ambayo ni 11 mara 91. Hivyo nafasi hupokezana, moja huacha ziada na nyingine huacha upungufu.

Liko jambo jingine la kumfaa mwenye duka wa Kawangware, au wakala wa M-Pesa, au mweka hazina wa chama. Tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti itokeayo hugawanyika kwa 9 sikuzote. Hapo juu tofauti ilikuwa 27,000, ambayo ni 9 mara 3,000. Basi ukifunga hesabu jioni na kukuta fedha na daftari zatofautiana kwa shilingi 27, au 54, au 630, usianze kwa kumshuku mtu kuwa mwizi. Tofauti hizo zote hugawanyika kwa 9. Tafuta kwanza kama kuna mahali tarakimu mbili ziliandikwa moja mahali pa mwenziwe.

NAMBA YENYE SIFURI NYINGI

Sasa turudi kwa lile swali la kwanza, la milioni moja. Milioni moja ikivunjwa kwa namba tasa hutoka 2 mara sita na 5 mara sita, basi. Hamna namba nyingine ndani yake. Ni namba nzuri kwa kukadiria, lakini mara chache sana hutokea katika kuhesabu. Katika kila namba kumi zifuatanazo, moja tu huishia kwa sifuri moja. Katika kila elfu, moja tu huishia kwa sifuri tatu. Iishiayo kwa sifuri sita ni moja katika kila milioni. Kwa hiyo mtu akisema mahali fulani pana watu 1,000,000, yafaa aulizwe kwa upole: Je, umehesabu, au umekadiria? Kukadiria si dhambi, lakini kadirio lisivae nguo za hesabu.

Na kadirio laweza kupimwa kwa ardhi. Eneo la Kibera husemwa kuwa kiasi cha kilomita za mraba 2.5, yaani mita za mraba 2,500,000. Zikigawiwa watu milioni moja, kila mtu hupata mita za mraba 2.5, na ndani ya hizo zimo njia, reli, mito, shule, makanisa, misikiti na maduka. Chumba cha kawaida cha Kibera ni futi 12 kwa 12, kiasi cha mita za mraba 13 na nusu. Tuseme nusu ya ardhi yote imejengwa vyumba vya namna hiyo vya chini, bila ghorofa. Vitatoka vyumba kama 92,600. Watu milioni moja wangelazimika kulala karibu 11 katika kila chumba, wala kisiweko hata kimoja cha mtu mmoja au wawili. Ajuaye maisha ya Kibera ataona ya kuwa ziko nyumba zenye watu wengi, lakini kwamba kila chumba kiwe hivyo ni vigumu kusadiki.

Lakini haki ni haki. Kipimo kile kile kitumike kwa namba ya Serikali. Watu 170,070 katika vyumba 92,600 ni pungufu ya watu 2 kwa chumba. Hapo mwenyeji wa Soweto West ataguna tena, safari hii kwa sababu ni wachache mno. Watafiti wa mradi wa kuchora ramani ya Kibera, waliofanya kazi hiyo karibu na wakati ule ule wa hesabu ya 2009, wakitumia picha za kutoka angani na kuuliza nyumba kwa nyumba, walikadiria watu kati ya 235,000 na 270,000. Kadirio hilo ni kubwa kuliko la Serikali, lakini liko mbali sana na milioni.

Hapa ndipo msomaji atambue mpaka wa elimu ya namba. Hesabu yaweza kuonyesha ya kuwa jumla imekosewa, au tarakimu zimebadilishana, au kwamba kadirio haliingii katika ardhi iliyopo. Lakini mtu ambaye karani hakumgongea mlango hawezi kugunduliwa kwa kipimo cha tisa wala cha kumi na moja. Karatasi yaweza kuwa safi kabisa, na mtu akawa hayumo.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Labda mtu atasema, namba ni namba. Zanihusu nini mimi? Zamhusu sana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka majimbo ya uchaguzi 290. Kila jimbo lipate watu wangapi? Iligawanywa 38,610,097 kwa 290, ikatoka 133,138, na baki 77. Namba hiyo 133,138 ikawa kipimo cha kuchorea mipaka, na Katiba ikaruhusu miji kuzidi au kupungua kwa sehemu 40 katika kila 100. Jimbo la Kibra lilitengwa kutoka Lang'ata, nalo likapiga kura kwa jina lake mara ya kwanza mwaka 2013. Kama kweli Kibera ingekuwa na watu milioni moja, kwa kipimo hicho ingeweza kudai majimbo 7.

Tena, katika kanuni ya kwanza ya kugawa mapato ya nchi kwa kaunti, sehemu 45 katika kila 100 zilifuata idadi ya watu. Mtu asiyehesabiwa hupunguza fungu la kaunti yake kwa miaka kumi mizima, hata hesabu nyingine ije.

Chukua pia maji. Kipimo kifuatwacho na mashirika ya misaada duniani wakati wa dhiki ni bomba moja kwa watu wasiozidi 250. Kwa watu 170,070 yahitajika mabomba 681, maana 680 yangewaacha watu 70 bila bomba. Kwa watu milioni moja yahitajika 4,000. Anayepanga kwa namba kubwa mno ataona kazi haiwezekani, naye ataiacha. Au atakusanya fedha za watu ambao hawako. Anayepanga kwa namba ndogo mno atachimba mtaro mmoja na kusema amemaliza, na akina mama wataendelea kupanga foleni na mitungi yao. Namba kubwa ya uongo haimsaidii maskini, wala namba ndogo ya uongo haimsaidii. Imsaidiayo ni ile iliyo karibu na kweli.

Basi, msomaji, ukisikia namba kubwa juu ya mahali unapokaa, uliza maswali manne. Nani aliyehesabu? Alihesabu lini? Mipaka yake ni ipi? Na je, namba yenyewe yapita vipimo? Na hesabu ya watu itakapokuja tena, karani akibisha hodi, mfungulie. Mtaje mtoto mchanga, mtaje mgeni aliyelala kwako, mtaje mpangaji wa chumba cha nyuma, na yule anayelinda zamu za usiku. Haba na haba hujaza kibaba, na laki moja hujengwa kwa mmoja mmoja.

MAZOEZI

1. Kaunti ndogo ya Dagoretti ilipata watu 434,208. Je, namba hiyo hugawanyika kwa 3? Kwa 9?

2. Karani aliandika 434,280 badala ya 434,208. Je, kipimo cha tisa kitamkamata? Na cha kumi na moja?

3. Tumia kipimo cha kumi na moja kwa kaunti ndogo zote 11 za Nairobi, ujumlishe baki zake, kisha ulinganishe na baki ya 4,397,073.

Majibu. La kwanza: jumla ya tarakimu ni 21, kwa hiyo hugawanyika kwa 3, wala si kwa 9. La pili: kipimo cha tisa hakitamkamata, maana tofauti ni 72, yaani 9 mara 8, cha kumi na moja kitamkamata, maana namba ya kweli huacha 5 na ya makosa huacha 0. La tatu: jumla ya baki ni 76, ambayo ikigawanywa kwa 11 huacha 10, nayo 4,397,073 huacha 10 pia. Kumbuka ya kuwa jibu likitoka chini ya sifuri, ongeza 11.